Kodi ya Jiwe

Stoo ya Masunga iko Mabatini, juu,
pale ngazi zinapochoka kuwa ngazi zikawa mawe.
Mita tano, mita mbili na nusu, kimo mbili na sentimita ishirini.
Nilipima kwa utepe wa fundi cherehani
maana ule wa chuma Lubango aliuweka rehani.

Urefu mara upana mara kimo.
Shuleni tuliikariri mpaka ikatoka na jasho,
tukidhani ujazo ni kitu cha ubaoni,
kinafutwa kengele ikilia.
Sasa Nkwimba amesimama mlangoni, mikono inanuka dagaa,
ana katoni mia tatu za kulaza hadi lori la Kigali lije Alhamisi,
na wingu limeanza kuvimba upande wa Ukerewe.
"Zitaingia? Sema ndiyo au hapana,
usinisomee."

Katoni: sitini, arobaini, thelathini.
Nikagawanya ujazo kwa ujazo:
mia tatu themanini na moja, na baki.
Nikatabasamu mapema.
Katoni si maji, haimiminiki.
Haijazi ufa wa sentimita ishirini kule ukutani,
haijikunji kwa ajili ya kumi zilizosalia chini ya bati.
Nane kwa urefu, sita kwa upana, saba kwenda juu,
mia tatu thelathini na sita.
Zile arobaini na tano nilikuwa nimezipanga kichwani.

Halafu jiwe.

Sijalitaja kwa sababu Masunga naye hakulitaja
siku ya kutupangisha.
Limeingia kwa ukuta wa nyuma
kama shemeji aliyeaga kwao kwa siku mbili,
limekaa pembeni, tumbo mbele, halisogei.
Wajenzi walilizungushia tofali wakaenda zao.
Kanuni hailiwezi: halina urefu, halina upana,
lina mabega tu.
Ningelizamisha nipime maji yanayomwagika,
lakini kwa ndoo gani? Labda ziwa lenyewe,
nikasimame Kamanga nione limepanda kiasi gani.

Nikachukua chaki. Tukapanga katoni tupu, tabaka kwa tabaka,
nikiandika juu ya jiwe kila lilipokataa.
Chini limekula kumi na moja. Kisha tisa, kisha sita,
kisha tatu, kisha moja,
na tabaka mbili za juu likatuachia.
Thelathini.
Zimebaki mia tatu na sita! Nkwimba akapiga kigelegele
kabla sijamwonyesha tundu la bati.
Chini ya tundu hukaa ndoo,
na juu ya ndoo hakikai kitu:
safu nzima, katoni saba, kwaheri.

Mia mbili tisini na tisa.
Akanitazama kama mtu aliyeila hiyo moja.

Jioni Masunga akafuata kodi, laki na ishirini.
Nikamwonyesha chaki.
"Thelathini kwa mia tatu thelathini na sita, mzee.
Jiwe lako linalala humu na sisi, halichangii."
Akalipapasa kama anayekagua mbavu za ng'ombe mnadani.
"Hili limenitangulia hapa," akasema,
"na mimi ndiye ninayelilipia ardhi."
Kimya. Mjusi akapita juu ya ile sita.
Kisha akahesabu noti, akarudisha elfu kumi.
Hesabu ilidai mia saba na kumi na nne zaidi;
nikamwachia, za uzee.

Mvua ilishuka saa tano usiku.
Ndani ndoo ilipokea, tone kwa tone, kwa adabu.
Nje, chini ya upenu, Lubango mlinzi
kajifunika gunia mpaka masikioni,
anajitahidi kuwa mwepesi,
kaikalia baki yangu.